Jumapili ya Anaeli

1

Mama Kirishia hakuwa mtu wa kupiga simu saa za kazi. Akiwa na neno, alilituma kwa ujumbe mfupi usio na nukta wala mkato, kisha akasubiri ajibiwe. Kwa hiyo Alhamisi ile, simu ilipoita mara ya tatu mfululizo, Aikande Nkya alitoka kikaoni akiwa ameshajiandaa kusikia kwamba mama yake ameanguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Aika, mama yako hajaanguka, hilo lijue kwanza. Lakini amekaa chini kwenye mkeka, amejifunga kanga kiunoni, analia msiba."

"Msiba wa nani?"

Mama Kirishia alikuwa jirani wao tangu Aika hajaanza shule, na tangu mama wa Aika aingiwe na maradhi ya kusahau alikuwa analala naye nyumba moja. Hakuwa mwoga wa maneno. Safari hii alishusha sauti.

"Wa mdogo wako, mwanangu. Anatuambia Anaeli amekufa. Nimemuuliza, nani kakwambia? Akagusa sikio. Juzi alisema hivyohivyo, na jana hivyohivyo. Nikadhani ni ugonjwa tu unamchezea. Akilala anasahau, akiamka anamuulizia, anaambiwa upya. Leo ni mara ya tatu anapata habari hiyo, na kwake kila mara ni ya kwanza."

Aika aliegemea ukuta. Kule ndani, mkuu wa idara alikuwa anawapongeza mafundi kwa wiki ya kwanza isiyo na dosari, na watu walikuwa wanapiga makofi.

Anaeli alikuwa amekufa kweli. Miaka minne iliyopita alifukiwa na kifusi machimboni, akazikwa, matanga yakaanuliwa, na mama yake hakuambiwa. Wakati ule maradhi yalikuwa yameanza, na daktari alisema moyo wake hauwezi kubeba pigo. Baba wadogo walikaa wakaamua, kama familia nyingi za kijiji chao cha Mrieni zinavyoamua mgonjwa anapokuwa mtu mzima: asiambiwe kwanza. Ile kwanza ikawa miaka minne.

"Mvue hicho cha sikioni," alisema Aika.

"Nilimvua. Akaniuliza mimi ni nani na nafanya nini jikoni kwake, akashika mwiko. Nikamrudishia. Njoo nyumbani, Aika."

2

Kitu cha sikioni kiliitwa Mnong'onezi, na Aika alikuwa mmoja wa waliokitengeneza. Mzee aliyesahau alivaa punje sikioni na jicho dogo shingoni, na rafuni nyumbani kwake palikaa kisanduku. Mtu akiingia, jicho lilimwona na sikio likanong'onezwa: huyu ni Mama Kirishia, jirani yako, unampenda. Mzee akiuliza, alijibiwa. Wazee elfu kumi na moja nchi nzima waliishi kwa kunong'onezwa hivyo, na wengi wao walikuwa wanasalimia watu kwa majina bila aibu.

Miezi mitatu kabla ya simu ile, idara ilikaa kuamua programu ya Mnong'onezi ikae wapi. Tangu mwanzo ilikuwa imesakinishwa ndani ya kila kisanduku. Iliishi mle, ilijibu papo hapo hata mtandao ukikatika wiki nzima, na maelezo ya nyumba ile aliyaandika mtu wa nyumba ile. Ubaya wake ni kwamba kila kisanduku kilikuwa peke yake. Kosa likigunduliwa Dodoma, fundi alipaswa kupanda milima na kuvuka mito akakisahihishe, nyumba kwa nyumba, na mafundi walikuwa kumi na wanne.

Njia ya pili ilikuwa kuifanya ya mtandaoni. Kisanduku kingebaki dirisha tu la kutazamia, programu yenyewe ikae kwenye seva za Dodoma, isome moja kwa moja Daftari la Uhai, lile la taifa linamoandikwa kila aliyezaliwa, aliyeoa, aliyehama na aliyekufa, hata dawa anazoandikiwa kila mgonjwa. Ukisahihisha kosa asubuhi, wazee wote wamesahihishiwa kabla ya chai ya saa nne.

Shelukindo aliitetea ile ya zamani. Alikuwa fundi wa Lushoto, mbishi, mwenye tabia ya kuzungumza huku akichora maboksi kwenye karatasi.

"Programu iliyolala nyumbani kwa mtu inakuwa mtu wa nyumba ile," alisema. "Inajua cha kusema na cha kunyamazia. Hii mnayoitaka ni karani. Karani anasoma kilichoandikwa, basi."

Aika hakubishana naye kwa maneno. Aliweka mezani picha tatu. Wazee wawili wanaume na bibi mmoja, wote wa wilaya moja ya kusini. Dawa yao ya presha ilipigwa marufuku mwezi wa pili, fundi hakufika mpaka mwezi wa tano, na kwa miezi mitatu visanduku vyao viliwakumbusha kila asubuhi, kwa sauti ya adabu, wameze kidonge kilichokuwa kinawaua.

"Hawa nao walikuwa na mtu wa nyumbani," alisema Aika.

Shelukindo alizitazama zile picha muda mrefu, akaacha kuchora. Hata hivyo alipiga kura ya kukataa. Alikuwa peke yake.

Aika mwenyewe ndiye aliyeandika kanuni ya kuhamisha: pale maelezo ya nyumbani yanapopingana na Daftari la Uhai, Daftari ndilo lifuatwe. Aliiandika akifikiria vidonge na madaktari waliohama vituo. Aliijaribu kwa nyumba mia mbili. Na wala hakukumbuka kwamba miaka minne nyuma, kwenye kisanduku kilichokuwa kwenye rafu ya mama yake, alikaa akaandika kwa vidole vyake: Anaeli yuko kazini Mwanza, atakuja Jumapili. Akaongeza kwamba siku ikiwa ni Jumapili, iseme Jumapili ijayo. Uongo ule alikuwa ameuzoea mno hata akaacha kuuona kuwa uongo.

Kuna jambo jingine, nalo tuliseme tu. Programu mpya ilipotangazwa, familia arobaini na moja ziliomba zibaki na ya zamani. Mzee mmoja wa Singida aliandika kwamba mke wake huambiwa kila siku binti yao ameolewa mbali, na akaomba, kwa adabu zote, aachiwe hivyohivyo. Aika aliisoma barua ile akadhani ni mzee asiyependa mabadiliko. Aliwajibu wote kwa barua moja. Hapana.

Sasa, ndani ya treni ya umeme ya kwenda Moshi, aliisoma tena barua ya yule mzee. Alielewa kila neno, na alijichukia.

3

Ijumaa asubuhi alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda jikoni, anamenya ndizi. Bibi Ndeshukurwa alikuwa mwembamba, msafi, na mikono yake ilikuwa bado inajua kazi zote ambazo kichwa kilishazisahau. Jicho lilimtazama Aika, na mama akatabasamu baada ya kupokea jina lake sikioni.

"Aikande. Umekuja lini, mwanangu?"

"Jana jioni, mama. Ulikuwa umeshalala."

"Basi kaa hapo unimenyee. Umekuwa mtu wa mjini, tuone kama bado una mikono."

Walimenya pamoja na mama akamcheka, kwa maana maganda ya Aika yalitoka na nyama. Kwa dakika kumi kila kitu kilikuwa sawa. Kisha mama alinyoosha mkono rafuni, akateremsha sahani mbili na bakuli moja la bati lenye mdomo uliobonyea. Bakuli la Anaeli. Anaeli alikuwa kitindamimba, na nyumba ya wazazi kwa desturi ilikuwa yake; chakula chake kilitengwa kila siku, awepo asiwepo.

"Hivi Anaeli anakuja leo?" Mama hakumuuliza Aika. Aliuliza hewani, kama alivyozoea.

Aika aliona mkono ukisimama. Hakuisikia sauti, lakini aliijua, kwa kuwa alikuwa mmoja wa walioichagua katika sauti thelathini: ya mwanamke wa makamo, tulivu, isiyo na haraka. Anaeli Nkya, mwanao wa mwisho. Amefariki.

Bakuli halikuanguka. Mama aliliweka chini taratibu, akalifunika kwa sahani kama kinachofunikwa ni chakula cha moto.

"Aika. Huyu anasema nini?"

Aika aliweka kisu chini. Mama akamtazama machoni, na hapo hakuhitaji kunong'onezwa tena na mtu yeyote. Alilia kwa sauti nene ambayo Aika hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, hata siku alipokufa baba. Mama Kirishia aliingia mbio na mkeka mkononi. Alishaujua utaratibu.

Majirani walikuja. Siku ya kwanza walikuja kumi na wanane na sukari na maharage. Ile ya nne walikuja watano, na mmoja wao alikuwa anatazama saa. Aika hakuwalaumu. Ni nani anaweza kukaa siku ya kwanza ya msiba uleule mara nne?

Mama alipopata nafuu ya kusema, aliuliza swali ambalo siku zote tatu hakuna aliyethubutu kulijibu.

"Mmemzika wapi?"

Mama Kirishia alimtazama Aika kwa jicho la kumkataza. Aika akasimama.

"Nitakupeleka, mama."

4

Alikuwa amezikwa ng'ambo ya korongo, kwenye migomba ya baba mdogo, mahali mama asipopita. Hakuna msalaba wala saruji. Familia iliogopa asije akaona jina. Palikuwa na kituta tu, na magugu yameanza kukipita kimo.

Bibi Ndeshukurwa alikizunguka mara moja.

"Mmemzika kama mwizi," alisema. "Mwana wa mwisho. Kwenye shamba la mtu mwingine."

"Tulikuwa tunakuogopea wewe, mama."

"Mliniogopea mimi. Na yeye je, nani alimlilia kwa jina?"

Mama alipiga magoti aking'oa magugu kwa mikono yake, akayatupa kando. Kisha akaenda mpakani, akavunja matawi ya masale, mmea wanaouotesha kuwekea mipaka, akarudi, akafukua udongo mwekundu kwa vidole na kuyachomeka moja moja kuzunguka kituta, kama wanavyofanya watu wa kwao kwa maiti anayestahili heshima. Aika alitaka kumsaidia, akaambiwa akae. Kazi ile ilichukua saa nzima. Mama alipomaliza aliomba sala, akamtaja Anaeli kwa majina yake yote matatu, na lile la utani alilompa yeye peke yake, ambalo Aika alikuwa amelisahau. Alilia tena, lakini kilio hiki kilikuwa na mwisho.

Wakirudi, alimshika Aika mkono kwenye ukingo wa korongo.

"Nisikilize. Mimi ni mgonjwa, najua. Lakini mtoto wangu akifa niambieni. Ni wangu. Usinifiche tena, Aika. Niahidi."

"Nakuahidi, mama."

Nyumbani alikula sahani nzima, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akasema amechoka, akajinyoosha kitandani na nguo zilezile. Usingizi ulimchukua saa nane na nusu mchana. Aika alikaa mlangoni akiutazama uso wake. Ulikuwa umetulia kama uso wa mtu aliyemaliza kazi. Aika alijua utulivu ule hautavuka usingizi. Kesho mama yake angeamka, angeteremsha bakuli, angeuliza.

5

Ufunguo wa programu ya zamani ulikuwa unafungwa siku hiyohiyo saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo hakuna kisanduku ambacho kingeikubali tena. Saa tisa Aika alimpigia Shelukindo.

"Unalo toleo la mwisho?"

"Ninalo." Hakuuliza la nini. "Habari zimenifikia, dada. Pole sana."

"Nikilirudisha, nikikata mtandao, anapoteza taarifa za dawa."

"Anazipoteza. Siku wakipiga marufuku kidonge chake, kisanduku hakitajua. Itabidi ujue wewe. Na wale arobaini na mmoja?"

Aika alitazama saa ukutani.

"Sikusimangi," alisema Shelukindo. "Naulizia tu. Ukilitumia kwa mmoja, umeshakubali kwamba lilihitajika."

"Ameniambia nisimfiche. Leo, saa tano asubuhi. Nimemwahidi."

"Na kesho asubuhi?"

"Kesho hatakumbuka ahadi. Atakumbushwa kifo tu. Kama angeamka anakumbuka na yale masale, Shelukindo, ningemwacha na ukweli wake. Lakini anapewa kifo bila kaburi. Kila siku kifo, bila kaburi."

Shelukindo alipumua. "Kuna njia ya tatu. Ungemwandikia kwenye hiyo mpya kwamba ameshazika, ameshaomba."

Aika alikuwa ameshaifikiria. Programu mpya haikuwa na mahali pa mtu wa nyumbani kuandika neno lake. Yeye mwenyewe ndiye aliyepaondoa, ili lisipatikane tena kosa kama la wale wazee watatu.

"Nitumie," alisema.

Kusakinisha kulichukua dakika ishirini na sita, na maneno yake ya Mwanza yalikuwa bado mle kisandukuni. Alichomoa waya wa mtandao nyuma ya kisanduku, akauzungusha kidoleni, akautia mfukoni. Kioo kidogo kikamuuliza kama ana hakika, kwa maneno aliyoyaandika yeye miaka sita nyuma akiwa kijana mwenye majivuno. Chumba cha pili mama yake alikuwa anakoroma taratibu. Mwanamke aliyelala pale alikuwa ameomba jambo moja tu, akiwa na akili zake timamu, akiwa ameshika mkono wa bintiye. Na yule atakayeamka kesho hakuwa ameomba chochote.

Alibonyeza ndiyo. Kisha akafunika uso kwa mikono, akalia kwa muda, bila sauti, asimwamshe.

Ilikuwa saa kumi na robo. Muda wa kuwaandikia wale arobaini na mmoja, nao wairudishe ya zamani, ulikuwepo. Aliifungua barua ya mzee wa Singida, akaanza, akafuta, akaanza tena. Kila alivyoandika ilisomeka kama mtu anayekiri kosa ambalo lingemtoa kazini. Saa kumi na moja ilipogonga alikuwa bado yuko kwenye salamu. Tusimpambe. Alimwokoa wake, wa watu akawaacha.

6

Jumamosi asubuhi Bibi Ndeshukurwa aliamka mapema, akaosha uso, akamsalimia Mama Kirishia kwa jina na kumtania kuhusu kikohozi chake. Alimkuta Aika jikoni.

"Aikande. Umekuja lini, mwanangu?"

"Juzi, mama."

"Na hakuna aliyeniambia. Kaa hapo unimenyee ndizi."

Walimenya. Mkono ulinyooka rafuni, zikashuka sahani mbili na bakuli la bati.

"Hivi Anaeli anakuja leo?"

Aika alibana kisu. Mama alisikiliza, kichwa kimeinama upande wa sikio, kisha uso ukafunguka.

"Jumapili," alisema kwa furaha. "Yuko Mwanza huko, wanamchosha. Aje ale chakula cha maana." Akaanza kulifuta bakuli kwa ncha ya kanga. Ghafla akaacha. Aliinua mkono wake wa kulia kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza, akautazama na wa kushoto.

"Aika, mimi jana nililima wapi?"

Chini ya kucha zote kumi kulikuwa na udongo mwekundu.

Mama Kirishia alitoka nje na ndoo ambayo haikuwa na haja ya kujazwa. Aika alitafuta neno ambalo halikuwa uongo wote.

"Ulipanda masale, mama."

"Masale? Ya nini?"

"Ng'ambo ya korongo. Kulikuwa hakuna alama."

Mama alifikiri. Kwa kitambo kitu fulani kilipita usoni mwake, kikatafuta pa kukaa, kikakosa. Macho yalimjaa machozi naye mwenyewe akayashangaa, akayapangusa kwa mgongo wa mkono.

"Moshi huu," alisema. Kisha: "Nilifanya vizuri. Mipaka ikae sawa. Anaeli atakuja aikute imeshapandwa, asisumbuliwe na mtu."

"Ndiyo, mama."

Aika alimimina maji ya vuguvugu kwenye karai, akaketi chini mbele ya kigoda, akaichukua ile mikono. Alisafisha ukucha mmoja mmoja kwa njiti ya kiberiti, bila haraka, na mama akamwachia, akimhadithia jinsi Anaeli alivyokuwa mdogo akikataa kunawa. Maji yaligeuka mekundu. Yalipokuwa hayana tena cha kutoa, Aika aliyapeleka nje, akayamwaga kwenye shina la mgomba, akasimama pale na karai tupu. Kesho ilikuwa Jumapili.